Jinsi ya Kupima Iwapo Unga wa Mlonge Unanasa Asidi za Nyongo

Ini hutengeneza asidi za nyongo kutokana na kolesteroli na kuzimwaga utumboni ili zisaidie kumeng'enya mafuta. Takriban asilimia 95 yake hufyonzwa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini. Kitu kikizinasa na kutoka nazo chooni, ini hulazimika kutumia kolesteroli zaidi kufidia upungufu, na hivyo ndivyo inavyofanya kazi dawa ya kolestiramini. Jaribio la kupima iwapo unga wa majani ya mlonge unazinasa hivyo ni rahisi kulifanya, lakini humpotosha upesi mtafiti asiyeweka vidhibiti, yaani mirija ya kulinganishia.

Hatua ya 1: Utambuzi wa mmea

Ukishapata kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya Kenya ya sayansi, teknolojia na ubunifu, peleka tawi lenye maua katika Hebaria ya Afrika Mashariki iliyoko Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Kenya ina mlonge wa *Moringa oleifera*, unaopandwa sana Pwani, na jamaa yake *Moringa stenopetala* wa kaskazini, na unga ukishasagwa huwezi kuzitofautisha kwa macho. Kwa sababu hiyo mimi hutumia majani mabichi badala ya unga wa sokoni, nikayakausha kivulini, nikayasaga na kuyachekecha.

Hatua ya 2: Joto

Majaribio ya maabara yaliyofanywa Marekani kwa mboga za jamii ya sukuma wiki yalionyesha kuwa zilizopikwa kwa mvuke hunasa asidi za nyongo vizuri kuliko mbichi. Kwa hiyo, ukiyapika majani, andika nyuzi na dakika, wala usiandike tu kwamba maji yalichemka, kwa kuwa katika mwinuko wa Nairobi maji huchemka karibu na nyuzi 94.

Hatua ya 3: Mirija

Tayarisha bafa ya fosfati (mmumunyo unaozuia pH isibadilike) yenye pH 6.5 na uyeyushe humo sodiamu glaikokolati, chumvi ya asidi ya nyongo iliyounganishwa na glaisini. Mrija A uwe na unga pamoja na asidi ya nyongo. B unga na bafa pekee. C asidi pekee bila unga. D kolestiramini na asidi. E selulosi, isiyotarajiwa kunasa, na asidi. Mimi hutumia miligramu 50 za unga kwa mililita 5, na kila mrija huwa na wenzake wawili. Tikisa kwa saa 1 katika nyuzi 37, zungusha kwenye sentrifuji, kisha chukua maji ya juu. Kolestiramini isiponasa sehemu kubwa, au selulosi ikinasa nyingi, simama hapo na ukague bafa na vipimo vyako.

Hatua ya 4: Kusoma matokeo

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Kimeng'enya cha 3α-haidroksisteroidi dihaidrojenesi huoksidisha asidi ya nyongo, na kemikali saidizi NAD ikageuka NADH, nayo NADH husomwa kwa spektrofotomita kwenye nanomita 340. Polifenoli, kemikali za asili za majani, nazo hufyonza mwanga katika eneo hilo, kwa hiyo bila kutoa thamani ya B utadhani asidi nyingi imebaki majini na kwamba unga haukunasa kitu. Unasaji kwa asilimia ni C ukitoa tofauti ya A na B, kisha ugawe kwa C na kuzidisha kwa 100.

Kosa la pili huenda upande wa pili, na ndilo lililonigharimu miezi kadhaa: tanini, aina ya polifenoli, hushikamana na protini, kimeng'enya kikadhoofika, usomaji ukashuka, nami nikaamini kwamba mmea wangu ulikuwa ukinasa asidi kwa nguvu. Mrija B hauwezi kufichua kosa hilo. Dawa yake ni kuongeza kiasi kinachojulikana cha glaikokolati katika maji ya juu ya B baada ya sentrifuji, kisha kupima. Kiasi kikirudi pungufu, kimeng'enya kimezuiwa. Zimua sampuli mpaka kiasi chote kirudi, au tumia kromatografia pamoja na spektrometria ya masi, mbinu isiyotegemea kimeng'enya.

Hatua ya 5: Kabla ya kwenda kwa wanyama

Rudia jaribio kwa kutumia asidi ya nyongo isiyounganishwa na glaisini, kwa kuwa bakteria wa utumbo huvunja kiungo hicho na umbo linalobaki huweza kunaswa kwa kiwango tofauti. Ukichagua panya wadogo wa maabara (mice), kumbuka kuwa ini lao hutengeneza pia asidi za murikoliki, ambazo ini la binadamu kwa kawaida halitengenezi. Panya wakubwa (rats) nao hawana kibofu cha nyongo. Andika tofauti hizo katika pendekezo lako tangu mwanzo, kabla kamati ya maadili haijakuuliza.