Namna ya kuelewana na Mchina ukienda kufuata mzigo Guangzhou au Yiwu

Wengi wanaoenda China kufuata mzigo wanajipanga pesa, viza na orodha ya bidhaa, afu ukiwauliza mtaongeaje huko wanakwambia si simu inatafsiri. Ni kweli simu inatafsiri, ila inatafsiri maneno tu, na hasara nyingi za mzigo haziji kwa sababu ya maneno, zinakuja kwa sababu ya kitu ambacho hakuna aliyekisema. Mchina na sisi wote hatupendi kumwambia mtu hapana usoni. Fundi cherehani wa mtaani kwenu akikwambia "njoo Alhamisi" we unajua kabisa kwa sauti yake kama nguo itakuwa tayari au ndo umepigwa kalenda, huhitaji kufafanuliwa, umekulia humo. Mchina naye ana Alhamisi zake, lakini we hujakulia kwao, kwa hiyo unasikia ndiyo, unatuma dipoziti.

Kuna Mmarekani anaitwa Edward T. Hall, mtu wa anthropolojia, mwaka 1976 alieleza kwamba zipo jamii ambazo ujumbe mwingi unakaa nje ya maneno, yaani unakaa kwenye nani anaongea, mbele ya nani, kanyamaza wapi, na zipo jamii ambazo kila kitu lazima kitamkwe ndo kihesabike. China aliiweka kwenye zile za kwanza, na aliyekulia Pwani au Bara huku kwetu anajua wazi na sisi tupo hukohuko. Sasa watu wanadhani wawili wa aina moja wataelewana kirahisi. Mi naona ni kinyume chake. Mjerumani atakusumbua kwa maswali mpaka uchoke lakini mkiachana kila mtu anajua kilichokubaliwa, ila we na Mchina mnaweza kuachana kwa tabasamu, kila mmoja ana picha yake kichwani. Kwa hiyo kazi yako kubwa kule ni kukitoa kila kitu kichwani na kukiweka mahali kinapoonekana: namba, picha, sampo, maandishi.

Anza na ndiyo zao. Utasikia sana "mei wenti", hakuna tatizo, na "keyi", inawezekana. Hizo zichukulie kwamba amekusikia na yupo tayari kujaribu, usizihesabu kama ahadi. Nyingine ni "chabuduo", yaani inakaribiana, karibu sawa. Hii ukiisikia kwenye rangi, saizi au unene wa kitu usiipite, simama hapohapo uliza inatofautiana kiasi gani na aonyeshe kwa mkono, maana kwake tofauti hiyo ni ndogo na mteja wako wa Kariakoo ataiona kabla hujafungua bando la pili. Akikwambia ngoja kwanza tutafikiria, au akacheka kidogo afu akahamia kukuuliza umefikia hoteli gani, elewa kwamba amekataa. Usimkamate aseme hapana kwa mdomo wake, badilisha ombi: punguza idadi, sogeza tarehe, au uliza kipi kinawezekana kwa bei ile.

Na maswali ya ndiyo au hapana yaache kabisa, hili ningependa kila anayeenda alishike. Ukiuliza "mtamaliza tarehe 20?" jibu ni ndiyo, litakuwa ndiyo tu, hata kama kitambaa hakijafika kiwandani. Uliza hivi: leo mmefika katoni ngapi? Cherehani ngapi zinashona oda yangu? Nitumie video ya meza ya kufungashia sasa hivi. Hapo hajalazimika kukukatalia wala kukiri chochote, anakuonyesha kilichopo, na kilichopo kitakwambia kama tarehe 20 ipo au haipo. Hata kuhakikisha ameelewa, usimuulize umeelewa, mwambie akuandikie yeye oda yako yote upya, kila kitu, afu we ndo usome na kusahihisha.

Sampo ni lugha kuliko lugha zote. Ukitaka bluu fulani beba kipande cha kitambaa chenyewe kutoka nyumbani, picha ya simu inadanganya rangi. Mkikubaliana, chukueni sampo mbili zinazofanana, mzisaini wote wawili na tarehe, moja ibaki kwake moja uondoke nayo. Saizi zitaje kwa sentimita, maana L ya soko la kwao mara nyingi ni ndogo kwa watu wetu, na idadi itaje kwa pisi, dazeni sio hesabu anayoifikiria, yeye anawaza pisi na katoni.

Tukija kwenye namba, hapa ndo pesa inapotea kijinga. Wachina wanahesabu kwa mkono mmoja mpaka kumi, na kuanzia sita hatufanani tena. Sita ni kidole gumba na kidole cha mwisho vimenyooshwa, vingine vimekunjwa, sisi tungedhani anasema piga simu. Saba ni ncha za vidole vitatu vimebanwa pamoja. Nane ni gumba na cha shahada vimenyooshwa, kama mtoto anavyoigiza bastola, na wapo wanaoisoma mbili. Tisa ni kidole cha shahada kimepindwa kama ndoano, na kumi ni ngumi, au vidole viwili vya shahada vimepishana. Vijifunze ili ufuatilie mazungumzo ya wenyewe kwa wenyewe, lakini bei isipite kwa vidole, ipite kwa kalkuleta, kila kibanda Yiwu kinayo na hakuna anayeona vibaya. Namba kubwa nazo zina mtego, wao wana neno la elfu kumi, "wan", wanahesabia hilo, kwa hiyo elfu thelathini kwao ni wan tatu, na mkalimani aliyechoka mchana kutwa anaweza kukurukia sifuri moja. Andika 30,000 kwa tarakimu mwonyeshe. Pembeni andika RMB (ndo yuan, pesa ya China) au USD, kila mara, hata mkiwa mmeongelea yuan siku nzima.

Saa pia. China wako mbele ya kwetu masaa 5, na hesabu yetu ya saa hawaijui, ukimwandikia "saa tatu" na simu ikaitafsiri ilivyo, atakungojea saa tisa alasiri. Andika 09:00 na useme ni ya China au ya Dar. Tarehe wanaandika mwaka kwanza, mwezi, afu siku, sasa 03/04 inaweza kuwa Machi au Aprili kutegemea nani anasoma, kwa hiyo mwezi uandike kwa jina. Kati ya 12:00 na 14:00 ya kwao wanakula na wengi wanalala kidogo, wengine hapohapo kwenye kiti, na huo ndo muda wetu wa saa moja mpaka saa tatu asubuhi ambao we umeamka na moto wa kufuatilia oda. Meseji isipojibiwa hapo usikasirike.

WhatsApp na Google kule hazifunguki bila VPN, ile programu ya kupita vizuizi vya mtandao, biashara yote ipo WeChat, programu yao ya meseji, kwa hiyo ifungue ukiwa bado nyumbani. Ukiandika kwa ajili ya mashine kutafsiri, andika sentensi fupi, jambo moja kwa sentensi moja, bila mafumbo, bila "kile cha juzi", taja namba ya bidhaa. Kama unaweza Kiingereza chepesi tumia hicho, tafsiri ya Kiswahili kwenda Kichina bado inateleza, na kabla ya kutuma mambo ya pesa itafsiri tena irudi uone kama imebaki vilevile. Voisi usitume kwa mambo ya oda, hata kama zinaokoa muda, kesho hakuna cha kuonyesha. Na ile emoji ya kawaida ya kutabasamu, yenye macho makavu, vijana wa kule wanaituma wakiwa wamechukia au wamekuchoka, kwa hiyo uichunge, na ukitumiwa wewe rudi juu usome ulichoandika.

Majina: la ukoo linatangulia. Wang Wei ni wa ukoo wa Wang, mwite Wang laoban, bosi Wang, na mwanamke mwenye kibanda naye ni laoban, tena Yiwu wanawake wenye vibanda vyao ni wengi mno. Heshima yetu ya kumwita mtu mama iache nyumbani, anaweza kuona umemzeesha. Kadi ya biashara pokea kwa mikono miwili, uisome kidogo kabla ya kuiweka, usiitie mfuko wa nyuma.

Chai usiikatae. Guangzhou na Foshan kote muuzaji wa maana atakuketisha kwenye meza ya chai, atakumiminia vikombe vidogo kimoja baada ya kingine, na watu wetu wengi wanaona wanapotezewa muda. Hapo ndo anakuangalia we ni mtu wa namna gani, ni mteja wa mara moja au utarudi. Akikumiminia, gonga meza polepole kwa vidole viwili, ni asante ya watu wa Guangdong, jimbo lenye Guangzhou na Foshan, utaona uso wake unafunguka. Msalimie kwa kifupi, zile salamu zetu za nyumbani hawajambo, watoto, mifugo, zinamchanganya mkiwa hamjazoeana, ila akikuuliza umekula, jibu nimekula, ni salamu hiyo. Atakuuliza na mengine, una miaka mingapi, umeoa, unaingiza shilingi ngapi, mbona umenenepa. Kwake ni kujali, na kama hutaki kusema kipato jibu "kinatosha" ucheke, imeisha.

Pombe inawasumbua wengi. Kama hunywi sema mapema kabisa, kabla chupa haijafunguliwa, sema ni dini au ni afya, na ukiletewa chai inyanyue wakati wa kugonganisha glasi, wanakubali chai isimame badala ya pombe. Glasi yako iwe chini kidogo ya ile ya mkubwa wako. Kwa Waislamu, tafuta migahawa yenye maandishi 清真, yaani halali, mingi ni ya Wahui, Wachina Waislamu, wanaouza tambi za ng'ombe, na Guangzhou na Yiwu zote misikiti ipo, ya Guangzhou ni ya kale sana. Zawadi ukibeba, korosho au kahawa nzuri vinapokelewa vizuri, saa ya ukutani usimpe mtu, na karatasi nyeupe ya kufungia ni ya msiba.

Kuna mambo mawili yanayouma nayo niyaseme wazi. Utawasikia wakiongea kwa haraka wakisema "neige, neige", inafanana na lile tusi la Kiingereza kwa watu weusi, lakini maana yake ni "ile, ile", mtu anatafuta neno, usiligombanie. La pili ni kushikwa nywele au kupigwa picha bila kuombwa, hasa kwenye miji midogo. Hili huna wajibu wa kulivumilia. Sema "bu yao", sitaki, kwa sauti tulivu na mkono umenyooka, mara nyingi wanaacha na kuomba radhi.

Kwenye bei, Mchina akinyamaza na we nyamaza. Watu wetu ukimya unatutesa, tunaujaza kwa kuongeza bei wenyewe. Na idadi usiidanganye, ukimwambia unataka pisi 5,000 ili akupe bei ya chini afu ukaishia 300 hatakufokea, atatabasamu, ila ubora utakaoupata utakuwa wa bei hiyohiyo.

Ukigundua amekukosea, usimpigie kelele mbele ya wafanyakazi wake. Kumwaibisha mtu mbele ya watu wake kule ni jeraha, na akishajeruhiwa hata kilichowezekana kinakuwa hakiwezekani. Mwite pembeni, au bora zaidi mtume mtu wa kati, wakala wako au yule aliyewakutanisha, aseme yale ambayo ninyi wawili mkiyasema mtavunjiana heshima. Mwachie mlango wa kutokea: "labda kiwandani walichanganya katoni" ni sentensi ya thamani kubwa hata kama unajua nani alichanganya.

Jipange pia na sikukuu zao. Mwaka mpya wa Kichina unaangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, wafanyakazi wanarudi mikoani kwao na viwanda vinafungwa wiki kadhaa, na wiki ya kwanza ya Oktoba ni mapumziko ya taifa. Ahadi yoyote iliyo karibu na tarehe hizo iongezee mwezi kichwani mwako. Na siku yenyewe mtumie heri, hata sentensi moja, watu wanakumbuka.

Mzigo ukifika Dar au Mombasa, fungua huku unarekodi video, katoni ikiwa bado imefungwa, namba ya katoni ionekane, uhesabu mbele ya kamera, afu weka sampo yenye saini pembeni ya kilicholetwa. Mtumie hivyo pamoja na namba, 240 zimetakiwa, 212 zimefika, bila neno la hasira. Pesa kurudi ni ngumu sana, usianze nayo. Mwombe pungufu iongezwe kwenye oda inayofuata bure, na oda hiyo mtajie ni kubwa kiasi gani na ya mwezi gani, na pungufu hiyo iandikwe kwenye invoisi ya oda hiyo mpya, ukisubiri aiandike kabla hujatuma dipoziti nyingine.