Somo: Gnudi za Toscana, matonge ya spinachi na ricotta

Waitaliano wana vyakula vingi vya spinachi, na wengi wetu huanzia kwenye lasanya. Mimi nashauri muanzie Toscana, mkoa wa Italia ya kati, kwenye gnudi (tamka "nyudi"). Ni ule mchanganyiko wa spinachi na jibini ya ricotta unaojazwa ndani ya ravioli, ila hapa hakuna ganda la unga: unafinyanga matonge madogo, unayachemsha, unayamwagia siagi. Siena wanayaita malfatti. Hakuna kukanda wala kusukuma, na kazi yote iko kwenye kutoa maji. Spinachi ina maji, ricotta ina maji, na kila tone utakaloliacha utalilipia kwa unga. Unga ukizidi, unakula donge la ngano lenye rangi ya kijani.

Mahitaji, watu 3 au 4: gramu 600 za majani ya spinachi yaliyotolewa mabua, gramu 250 za ricotta, yai 1, gramu 60 za Parmigiano (jibini ngumu ya Kiitaliano) iliyokunwa, unga wa ngano vijiko 2 vya mezani (weka cha 3 karibu), kungumanga, chumvi na pilipili manga. Wakati wa kupakua: gramu 60 za siagi na majani 8 hivi ya seji (sage, kiungo cha majani yenye harufu nzuri).

Hatua ya 1. Weka ricotta kwenye chujio lililotandikwa kitambaa, bakuli likae chini, uiache kwenye friji usiku kucha. Kama una haraka, saa 2 ndiyo kikomo cha chini.

Hatua ya 2. Osha spinachi kwenye beseni, ukibadilisha maji mpaka usione mchanga chini. Itie kwenye sufuria kubwa na yale maji tu yaliyobaki kwenye majani, funika, moto wa wastani. Dakika 3 zinatosha kunywea. Itandaze kwenye sinia ipoe.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe. Chukua kiasi cha kujaa kiganja, kamua kwa mikono miwili mpaka maji yaache kutiririka. Utadhani umemaliza, lakini bado. Katakata ndogondogo kabisa, kwa sababu kisu kinafungua maji mengine yaliyojificha kwenye majani. Sasa itie kwenye kitambaa safi, sokota ncha, ukamue kama tui la nazi. Maji ya kijani yatatoka tena, na mara nyingi ni mengi kuliko ulivyotarajia. Pima hivi: bonyeza kijidonge kwenye ubao mkavu, ukiondoe. Kikiacha doa la maji, rudia. Mwisho izungushe kwenye kikaango chenye siagi kidogo kwa dakika 1 au 2 ili mvuke wa mwisho utoke, kisha iache ipoe kabisa, maana ikiwa ya moto itaivisha yai.

Hatua ya 4. Ponda ricotta kwa uma, tia Parmigiano, spinachi, kungumanga ya kukuna papo hapo, pilipili manga. Onja chumvi sasa, kabla ya yai, kwani Parmigiano ina chumvi yake. Kisha yai, na unga mwisho. Changanya kwa mkono mwepesi, acha kwenye friji nusu saa.

Hatua ya 5. Finyanga matonge yenye upana wa sentimita 3 hivi, uyaviringishe kwenye unga, ukung'ute unaozidi.

Hatua ya 6. Chemsha maji yenye chumvi, kisha punguza moto mpaka yatokote taratibu. Maji yanayoruka yatayavunja. Tumbukiza tonge moja tu kwanza. Likishikana, endelea kwa mafungu madogo. Yakielea, yape dakika 1 zaidi, uyaopoe kwa kijiko cha matundu.

Hatua ya 7. Yeyusha siagi pamoja na seji mpaka majani yakauke na siagi ianze kugeuka rangi ya dhahabu. Mwagia, nyunyizia Parmigiano, kula hapo hapo.

Ukibakiwa na spinachi iliyonywea, ipike kama Waroma: kitunguu saumu kwenye mafuta ya zeituni, zabibu kavu zilizolowekwa, mbegu za msonobari, dakika chache tu. Mbegu hizo ni ghali, na korosho zilizopondwa zinakaa vizuri mahali pake.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Arusha: Shikamoo mama. Sokoni kwetu spinachi ni ile ya majani mapana yenye mabua meupe. Ndiyo yenyewe?

Marahaba mwanangu. Hiyo ni ndugu wa kiazi chekundu (bitiruti), Waitaliano wanaiita bietola. Itumie bila wasiwasi, kwani wenyewe wanaipenda mno. Ndiyo inayojaza erbazzone, pai ya Reggio Emilia, na torta pasqualina ya Liguria, pai ya Pasaka ambayo kwa desturi ilitakiwa kuwa na tabaka 33 za unga, kwa miaka ya Yesu. Toa mabua, chemsha majani dakika 5 badala ya kuyanyweza tu, kisha kamua vilevile. Mabua usitupe: yachemshe, yapange kwenye bakuli na siagi na jibini, uyatie kwenye oveni.

Swali, kutoka Mwanza: Na mchicha je?

Unafaa, ukichagua majani machanga. Ladha yake ni nzito zaidi, kwa hiyo mimi huongeza ricotta kidogo.

Swali, kutoka Kisumu: Dada, ricotta huku ni shida kuipata, na ikipatikana bei haishikiki.

Pasha lita 2 za maziwa freshi mpaka yakaribie kuchemka, zima, tia vijiko 5 vya maji ya limau, koroga mara moja, acha dakika 10. Yakikatika, chuja kwenye kitambaa. Ricotta halisi hutengenezwa kwa maji yanayobaki baada ya kugandisha jibini, kwa hiyo hii ni mbadala, ila kwenye gnudi inafanya kazi nzuri. Epuka maziwa ya pakiti yanayokaa miezi nje ya friji, mabonge yake huwa laini mno. Au pika strangolapreti za Trento: mkate uliolala ulowekwe kwenye maziwa, uchanganywe na spinachi, mayai na unga kidogo, kisha siagi na seji vilevile. Ricotta haihitajiki.

Swali, kutoka Unguja: Assalamu alaykum. Hizi jibini ni halali?

Waalaykumu salaam. Umeuliza jambo la maana. Parmigiano-Reggiano hugandishwa kwa kigandishio kinachotoka kwenye tumbo la ndama, ndiyo kanuni yake, kwa hiyo wengi wanaiacha. Tafuta jibini ngumu iliyoandikwa kwamba kigandishio chake hakitokani na mnyama. Ricotta ya limau niliyoeleza hapo juu haina kigandishio cha mnyama. Na erbazzone ukiiona mahali, uliza kwanza, maana kiasili hutiwa mafuta ya nguruwe.

Swali, kutoka Nairobi: Zangu zimesambaratika zote kwenye maji. Nimebaki na supu.

Pole sana. Karibu kila mara ni maji ya spinachi, au maji ya sufuria yalikuwa yanaruka. Kama mchanganyiko bado upo, tia kijiko kimoja cha unga na jibini kidogo, pumzisha kwenye friji saa 1, kisha jaribu tonge moja. Likivunjika tena, usiongeze unga. Paka siagi bakuli la oveni, mwaga mchanganyiko wote humo, nyunyizia jibini, oka mpaka juu pawe na rangi ya kahawia.