Geji ya supachaja: 14 ya Mombasa ndiyo 11 ya Nairobi

Gari langu ni Mini Cooper S ya 2005, ile R53, injini ya lita 1.6 yenye supachaja ya Eaton M45, yaani pampu inayoshindilia hewa ndani ya injini. Puli yake, ndogo kwa asilimia 15 kuliko ya kiwandani ili supachaja izunguke kasi zaidi, niliifunga mwenyewe nyumbani Kisauni, siku mbili chini ya mwembe, maana kwenye gari hili hakuna pa kupitisha mkono. Jioni ya pili, barabara ya Malindi, mshale wa geji ukapanda hadi psi 14 (psi ni kipimo cha presha). Nikalala nikitabasamu.

Wiki iliyofuata nikapanda Nairobi. Voi mshale ukafika 13. Sultan Hamud, 12. Nilipoingia jijini ukawa hauvuki 11 na kidogo. Fundi mmoja akafungua boneti, akasikiliza kama daktari, akasema supachaja imekwisha. Kwanza nikanunua mkanda mpya. Kidogo ninunue na supachaja ya mtumba. Kumbe hakuna kilichokuwa kimeharibika.

Geji ya mshale, ile yenye kibomba cha mpira, huanza kuhesabu kutoka kwenye hewa iliyokuzunguka. Sifuri yake ni hewa ya hapo ulipo, uwe Likoni au Limuru. Lakini hewa ya Likoni na ya Limuru hazina uzito mmoja. Ukitaka kuona tofauti kwa macho yako, chomeka kile kisomeo cha kuunganisha na simu kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, washa swichi bila kuwasha injini, kisha tafuta presha ya manifoldi, lile bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Injini imelala, kwa hiyo sensa inasoma hewa tupu. Mombasa simu yangu ilisema kPa 101. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, ikasema 83. Kwa psi ni 14.7 dhidi ya 12. Anza na namba hiyo kila mara, na uiandike.

Sasa hesabu. M45 ni pampu tu: kila inapozunguka mara moja inabeba hewa ya kama lita 0.74. Imefungwa kwa mkanda kwenye krenki, ile shafti kuu ya injini, na kwa puli ya kiwandani inazunguka mara mbili na ushei kila krenki inapozunguka mara moja. Yaani inasukuma karibu lita 1.5. Injini ya lita 1.6 yenye mipigo minne inameza lita 0.8 tu kwa mzunguko huo. Hewa iliyozidi itakwenda wapi? Inabanana kwenye manifoldi, na kule kubanana ndiko geji inakokuonyesha.

Kwa hiyo supachaja ya aina hii haikupi psi 14. Inakupa uwiano. Yangu, pale Mombasa: 14 ya geji jumlisha 14.7 ya hewa ni 28.7. Gawanya kwa 14.7, unapata 1.95. Uwiano huo umetokana na puli na mkanda, na hizo hazijui kama umepanda mlima. Nairobi basi: 12 mara 1.95 ni 23.4. Toa 12 ya hewa, inabaki 11.4. Ndiyo ile "11 na kidogo" iliyonilia pesa ya mkanda.

Jamaa wa Subaru zenye tabo hawaelewi hili, na siwalaumu. Tabo haifungwi na mkanda, inasukumwa na moshi. Kompyuta ikitaka presha fulani inabana valvu ya kupunguzia moshi, tabo inaongeza kasi mpaka presha ipatikane, almuradi isipite uwezo wake. Supachaja yako haina pa kuongezea.

Jambo la pili liliniuma zaidi. Baadaye nilifunga manifoldi ya ekzosi iliyo wazi zaidi na silensa isiyobana. Nikarudi barabara ile ile ya Malindi, mshale ukaishia 12 na nusu. Nimelipa ili nipoteze psi moja na nusu! Lakini gari lilikuwa linavuta kuliko mwanzo, hadi mke wangu aliuliza nimefanya nini. Presha ni hewa inayosubiri kuingia. Ukifungua njia ya kutokea, silinda inapumua vizuri, foleni inapungua na mshale unashuka. Mtu anayekutangazia psi zake bila kukwambia ana ekzosi gani na yuko mji gani hajakwambia kitu.

Ila si kila kushuka ni heri, na hapo ndipo wengi wanapotea. Kwa hiyo pima hivi. Injini iwe imepata moto wake wa kawaida. Tafuta barabara tupu, gia ya pili (ya tatu itakupeleka kwa askari), kanyaga hadi sakafuni kuanzia mizunguko 2,500 hadi 6,500, na aliyekaa kando yako arekodi geji na kipima mizunguko kwa simu. Nyumbani itazame video polepole. Usiangalie namba ya juu pekee. Angalia mshale unavyopanda.

Supachaja nzima hupandisha mshale taratibu na haurudi nyuma. Ukipanda vizuri hadi mizunguko 5,000 kisha ukasimama au kurudi, mkanda unateleza. Tafuta vumbi jeusi la mpira karibu na puli, na ukague kikaza mkanda. Kwenye R53 kifyonza mtikisiko chake huchoka, na puli ndogo hushikwa na mkanda sehemu fupi zaidi. Lakini filta ya hewa iliyoziba huleta dalili zinazofanana na hizo, kwa hiyo kabla hujanunua mkanda, weka filta safi upime tena. Mimi ningeanza na hilo, ningebaki na pesa yangu.

Mshale ukiwa chini mwanzo hadi mwisho, kuna hewa inayotoroka. Valvu ya baipasi, ile inayorudisha hewa nyuma unapoendesha polepole, huchoka ikabaki wazi kidogo. Injini ikiwa imezimwa, sukuma mkono wake kwa kidole: unatakiwa urudi wenyewe, kwa nguvu. Kisha angalia mipira miwili inayoshika intakula, kile kipoza hewa, pale juu ya injini. Ukikuta ukungu mweusi wa mafuta umejipaka ukingoni, hapo ndipo hewa inapopitia. Usijisumbue kusikiliza mluzi gari likiwa limesimama. Kwenye R53 throto, ile valvu inayofunguliwa na kanyagio, iko kabla ya supachaja, na bila mzigo injini haijengi presha yoyote ya maana.

Kuna joto pia, ambalo geji hailioni. Kubana hewa ya nyuzi 30 karibu mara mbili, hata kwa pampu kamilifu, kunaifikisha nyuzi 95 hivi. M45 iko mbali na ukamilifu, na kadiri unavyoizungusha kwa kasi ndivyo inavyopika zaidi. Intakula hupunguza, lakini ukikwama foleni ya Changamwe saa nane mchana, intakula yenyewe imeshakuwa kikaango. Manifoldi ikiwa na psi 14 za moto, kompyuta inachelewesha cheche ya plagi ili injini isigonge, yaani mafuta yasilipuke kabla ya wakati wake, na nguvu inakwenda. Kwa hiyo kwenye simu soma joto la hewa inayoingia sambamba na presha.

Sasa wale wa Nairobi wanaoniuliza kama wafunge puli ndogo zaidi warudishe 14 yao. Juu huko itakubali. Lakini fanya hesabu kabla ya Krismasi: 14 na 12 ni 26, gawanya kwa 12, uwiano ni 2.17. Shuka nao Mombasa. 14.7 mara 2.17 ni 31.9, toa 14.7, geji inasoma 17. Hewa yenyewe ni ya joto la pwani, umepakia watu wanne na mizigo, na tangi umelijaza petroli ya kituo usichokijua. Injini itaanza kugonga, na ukiwa na muziki hutasikia. Kama unashuka pwani hata mara moja kwa mwaka, chagua puli kwa hesabu ya Mombasa, halafu ukubali 11 ukiwa nyumbani.

Na ukiwa umeshafungua huko ndani, badilisha mafuta ya supachaja, mbele na nyuma. Pampu ya maji ya gari hili inaendeshwa na gia za nyuma ya supachaja. Mafuta ya nyuma yakikauka gia zinalika, pampu inasimama na injini inachemka, huku geji ya presha ikisoma vizuri kabisa.