Somo: Menyu ya Ubuntu imepotea? Usikimbilie kupiga windo (kuinstoo Windows upya)

Wakuu, poleni na baridi. Hili ni la nyie mlioweka Windows na Ubuntu (mfumo wa Linux) kwenye mashine moja, halafu Windows ikaapdeti, sasa ukiwasha inaenda yenyewe Windows na menyu ya kuchagua haipo. Wengi hapo wanabeba laptop mpaka kwa mafundi wa Mwanjelwa, Mbeya, inapigwa windo upya na data zinaondoka, wakati Ubuntu ipo palepale kwenye diski, kilichopotea ni njia ya kuifikia tu.

Anza na BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows). Washa huku unagonga F2 (HP nyingi ni F10), nenda kwenye mpangilio wa kubuti, ukiona ubuntu ipo chini ya Windows Boot Manager ipandishe juu, sevu, toka. Mara nyingi inaishia hapo na bando hujagusa.

Kama haipo kabisa kwenye orodha, buti na flashi ya Ubuntu kwa njia ya UEFI (mtindo mpya wa kuwasha mashine), chagua kujaribu SIYO kuinstoo, na chaji iwe imejaa maana Tanesco hawakupigii hodi. Fungua Terminal, andika lsblk -f: yenye ext4 ndo Ubuntu, ile ndogo ya vfat ndo EFI (sehemu ya kuwashia). Mfano wangu ni p5 na p1, usikopi tu bila kuangalia zako:

sudo mount /dev/nvme0n1p5 /mnt
sudo mount /dev/nvme0n1p1 /mnt/boot/efi
for i in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$i /mnt/$i; done
sudo chroot /mnt
grub-install
update-grub

Riboot.

Swali (Mafinga): Kamwene mwalimu, menyu imerudi ila sasa Windows ndo haionekani!
Jibu: Kamwene. GRUB (programu inayoleta hiyo menyu) kuanzia 2.06 haitafuti mifumo mingine yenyewe. Fungua /etc/default/grub, ongeza GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha sudo update-grub.

Swali (Tukuyu): Yangu inaandika "Verifying shim SBAT data failed" inazima.
Jibu: Hiyo ililetwa na apdeti ya Windows ya Agosti 2024. Kwanza uwe na ufunguo wa BitLocker (kufuli la diski la Windows) kama imewashwa, la sivyo Windows itakugomea. Zima Secure Boot (ulinzi wa kuwasha, upo kwenye BIOS), ingia Ubuntu, piga sudo mokutil --set-sbat-policy delete, riboot uingie Ubuntu tena, apdeti kila kitu, ndo uwashe Secure Boot.

Swali: Kaka, nikitoka Ubuntu saa ya Windows inarudi nyuma masaa matatu, ni betri ya BIOS?
Jibu: Betri nzima hiyo dada, usinunue. Ubuntu inaweka saa ya UTC (saa ya dunia, ipo nyuma yetu masaa matatu), Windows inaisoma kama ya hapa. Piga timedatectl set-local-rtc 1 ukiwa Ubuntu.