Jinsi ya kuzichambua nyota za Sculptor bila darubini

Anayeanza huvutiwa na Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani na yetu, na simlaumu: linaonekana kwa macho, umbali wa miaka nuru 160,000 hivi. Lakini limetanda sana angani na lina vumbi lake. Utazama kwenye mamilioni ya nyota kabla hujajua unatafuta nini. Anza na Sculptor, galaksi kibete aliyoitangaza Harlow Shapley mwaka 1938. Iko karibu na ncha ya kusini ya galaksi yetu, mbali na utepe wa Njia ya Maziwa, kwa hiyo nyota zetu zinazokaa mbele yake ni chache.

Pakua TOPCAT, programu ya bure ya kuchambua majedwali ya data za nyota. Kupitia humo omba data za Gaia, chombo cha angani kilichopima mahali na mwendo wa nyota, toleo la tatu la mwaka 2022: nyota zote zilizo ndani ya nusu digrii kutoka viwianishi (namba za mahali angani, kwa digrii) 15.04 na −33.71. Chukua paralaksi (kuyumba kunakoonekana kwa nyota Dunia ikizunguka Jua; ikiwa ndogo, nyota iko mbali) na kosa lake, mwendo wa nyota angani kwa pande zote mbili, na mwangaza katika G (rangi zote), BP (upande wa buluu) na RP (upande wa nyekundu).

Paralaksi ya Sculptor ni kama milisekunde 0.012 za pembe (digrii moja ina sekunde 3,600 za pembe, na milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde hiyo), ilhali kosa la kipimo kwa nyota ya magnitudo 18 (kipimo cha mwangaza: namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu) ni zaidi ya 0.1. Basi usijaribu kupata umbali wa nyota mojamoja kwa njia hii. Bakiza zile ambazo paralaksi yake haitofautiani na sifuri kwa zaidi ya mara tatu ya kosa lake. Na tafadhali, zenye paralaksi hasi usizifute. Karibu nusu ya unazozitaka zimo humo.

Sasa chora mwendo wa upande mmoja dhidi ya wa pili, kuanzia milisekunde −10 hadi 10 kwa mwaka. Hapa ndipo penye utamu. Nyota iliyo parseki 1,000 (parseki moja ni miaka nuru 3.26) kutoka kwetu, ikienda kilomita 40 kwa sekunde, husogea milisekunde 8 kwa mwaka. Ya Sculptor, hata ikienda kilomita 100, haifiki 0.3. Ndiyo maana nyota za kwetu zinatapakaa mchoro mzima, na karibu na sifuri kuna fundo jeusi lililoshonana: hilo ndilo galaksi yako. Lizungushie duara lenye nusu kipenyo cha nusu milisekunde kwa nyota angavu kuliko magnitudo 19. Kwa zilizo hafifu zaidi lipanue, maana kipimo chenyewe kinayumba. Ukilibana utazitupa nyota halali.

Zilizobaki zichore kwa rangi (BP toa RP) na mwangaza G, namba ndogo ikae juu. Utaona tawi la majitu mekundu, yaani nyota zee zilizovimba, likianza karibu na magnitudo 17 na kushuka likiinama kuelekea buluu, kisha karibu na 20 tawi la mlalo, la nyota zee zinazochoma heli, linachomoza kando. Nyota changa za buluu zinazong'aa huzioni kabisa. Galaksi hii iliacha kuzaa nyota zamani.

Kwenye tawi hilo la mlalo zimo RR Lyrae, nyota zinazopwita kwa muda usiozidi siku moja hivi. Gaia ina jedwali lake la nyota hizi. Wastani wa mwangaza wake hapa ni 20.2 hivi, na mwangaza halisi wa aina hii (ambao ungeonekana nyota ikiwa umbali wa parseki 10) ni 0.6. Tofauti ni 19.6: igawe kwa 5, ongeza 1, upate 4.92, kisha kumi kwa kipeo hicho ni parseki 83,000, yaani miaka nuru 270,000.

Kasi ya kuja au kwenda Gaia haitakupa, kwani nyota hizi ni hafifu mno kwa kipimo hicho. Tafuta majedwali ya spektra (mwanga uliotawanywa kwa rangi zake) za darubini kubwa, uyaunganishe na orodha yako kwa viwianishi. Nyota za Sculptor hujikusanya karibu na kilomita 110 kwa sekunde. Inayokwenda 20, hata kama imepita machujio yote, ni ya kwetu. Iondoe.