Majani ya mwembe yakikauka kingo, tazama kwanza maji unayomwagilia

Mwembe ukianza kugeuka kahawia, wengi hukimbilia agroveti kununua dawa ya kupuliza. Kwa sisi wa Mombasa, huku Nyali, Kisauni na Likoni, swali la kwanza liwe: mti huu unanyweshwa maji gani?

Visima vingi vya pwani hutoa maji ya chumvichumvi. Mizizi hunyonya maji na chumvi yake. Maji yakishatoka majanini kama mvuke, chumvi husalia na kulimbikana nchani na kingoni. Chuma jani moja kuukuu ulitazame juani. Likiwa limekauka kuanzia ncha, kahawia ikashuka kwa kingo zote mbili, na kando ya mshipa mkubwa bado ni kijani, shuku chumvi au kiu. Ikiwa ulioungua ni upande unaotazama bahari tu, basi ni upepo wa kusi na rasharasha zake za chumvi, kisima hakina kosa.

Chule ni habari nyingine. Huo ni ugonjwa wa kuvu, hupenda masika, na hushika majani machanga: madoa meusi yametawanyika ovyo, yanaungana, kisha katikati yanatoboka. Hapo dawa ya kopa (shaba) ya kuua kuvu ina kazi, lakini pogoa kwanza ili upepo upite, na uokote majani yaliyoanguka.

Likikauka tawi moja tu, likate uangalie ndani. Ukiona tundu la mdudu au weusi chini ya gome, endelea kukata mpaka ufikie mti safi, kisha uchome ulichokata.

Na yale majani mapya ya rangi ya shaba, tafadhali yaacheni. Mwembe huchipua hivyo, si ugonjwa.

Kwa chumvi, dawa ya kupuliza ni hasara tupu. Kinga maji ya mvua. Usirushie majani maji ya kisima, mwaga shinani, na ni heri maji mengi mara chache kuliko kikombe kila jioni, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Tandaza makuti au nyasi bila kugusa shina. Tumia samadi iliyooza, na ujiepushe na mbolea ya potashi yenye kloridi, maana nayo huongeza chumvi.

Jani lililoungua halirudi kijani. Subiri machipukizi yajayo: yakikomaa na ncha nzima, endelea hivyohivyo; yakiungua tena, maji na udongo vipimwe kabla hujaongeza mbolea yoyote.