Kabla hujayeyusha nta ya mshumaa wako wa kwanza

Mshumaa wa kwenye chombo, ule unaomiminwa ndani ya bilauri au kopo na kuwaka humo humo mpaka uishe, ndio ninaomshauri kila anayeanza aanze nao. Hauhitaji kalibu, na nta ikiwa laini kidogo hakuna neno, ukuta wa chombo utaishikilia. Kuyeyusha na kumimina ni kazi ya saa moja. Maandalizi ndiyo yanayokula siku, na watu wengi huyaruka. Nayaeleza kwa urefu kwa sababu mshumaa ni moto unaompelekea mtu nyumbani kwake, akauwasha umeme umekatika na watoto wako sebuleni.

Anza na chombo. Mshumaa wangu wa kwanza niliumimina kwenye bilauri nyembamba ya maji ya kunywa. Ulipobaki kama robo, nilisikia "ta!", ufa ukapanda kutoka kitakoni hadi mdomoni, na nta ya moto ikatambaa juu ya kitambaa cha meza. Nilikuwa nimekaa karibu, nikauzima. Ningekuwa chumbani nimelala, sijui. Tangu siku ile natumia chupa nene za jamu na achari, kwa kuwa zimetengenezwa kupokea vitu vya moto. Pitisha ukucha kwenye mdomo na kitako, na ukihisi mkwaruzo au ufa hata mdogo, hiyo itie sukari. Chagua chombo kilichonyooka, kwani chenye tumbo pana na mdomo mwembamba huhifadhi joto juu. Kopo la bati nalo linafaa, ila lijaze maji ulilaze usiku kucha kwanza, asubuhi uangalie kama linavuja. Plastiki, hapana. Vifuu vya nazi vinapendeza sana, navipenda, lakini kifuu chenyewe ni kuni, na kitako chake cha mviringo hakitulii mezani. Kiache mpaka uwe na uzoefu.

Nta zinazopatikana kwetu ni tatu hivi. Mishumaa myeupe ya dukani ni parafini. Ni rahisi kuipata na inafaa kujifunzia kuyeyusha na kumimina, ila ikipoa hunywea na kuachia ukuta wa chombo, na utambi wake ni mwembamba mno kwa bilauri pana. Nta ya soya inayouzwa kwa ajili ya vyombo ni laini na huyeyuka mapema, nyingi kati ya nyuzijoto 46 na 54 za Selsiasi. Kwenye joto la Dar au Mombasa hutoa jasho juu, na ukiiacha ndani ya gari lililoegeshwa juani utaikuta imekuwa uji. Nta ya nyuki, ile inayotoka Tabora na mikoa mingine ya ufugaji nyuki, huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, basi joto la pwani haliisumbui. Lakini ni ngumu, inataka utambi mnene, na ikiwa peke yake hupasuka juu inapopoa. Mimi huchanganya sehemu tatu za nta ya nyuki na sehemu moja ya mafuta ya nazi, kwa uzito. Ukinunua tonge ambalo halijasafishwa, liyeyushe na ulichuje kwa kitambaa cha pamba siku moja kabla, maana uchafu huziba utambi.

Sasa utambi, na hapa naomba usiharakishe. Utambi ndio unaoivuta nta iliyoyeyuka kuipeleka kwenye mwali. Ukiwa mwembamba kuliko upana wa chombo, moto utachimba shimo katikati na nta ya pembeni itabaki ilivyo. Ukiwa mnene kupita kiasi, mwali utakuwa mrefu, masizi yatapanda na kioo kitaungua. Kwa hiyo kabla ya kununua utambi, chukua rula upime upana wa ndani wa chombo chako, umwambie muuzaji kipimo hicho pamoja na aina ya nta. Nunua saizi inayopendekezwa, moja iliyo chini yake na moja iliyo juu. Utambi wa kandili ulifumwa kwa ajili ya mafuta ya taa, haufai hapa, wala kamba ya kiatu. Ukiona waya wa kijivu katikati ya utambi, usugue kwenye karatasi nyeupe. Ukiacha alama kama ya penseli, utupe, huenda ni madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku tambi za risasi mwaka 2003 kwa sababu ya moshi wake.

Kwa harufu, tatizo ninaloliona mara kwa mara ni mtu kumimina pafyumu ndani ya nta. Pafyumu ya kupuliza ni spiriti kwa sehemu kubwa. Haichanganyiki na nta na inashika moto. Marashi ya maji ya waridi nayo hayafai, maana maji na nta havikai pamoja na utambi utatema cheche. Tafuta mafuta ya manukato yaliyotengenezwa kwa mishumaa, au mafuta safi ya karafuu au mchaichai. Asilimia 6 ya uzito wa nta inamtosha anayeanza. Rangi za chakula na kalamu za nta za watoto ziache, za kwanza hazishiki na za pili huziba utambi.

Vipimo usivikisie. Weka chombo kwenye mizani ya jikoni, irudishe kwenye sifuri, tia maji mpaka pale unapotaka nta ifike, usome gramu. Nta ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo zidisha kwa 0.86. Maji yakiwa gramu 220, utahitaji nta kama gramu 190, na manukato gramu 11. Kisha kikaushe chombo kabisa. Kipimajoto kiwe cha jikoni, kinachovuka nyuzi 100. Kile cha kupimia homa huishia 42.

Siku ya kazi, sufuria ya nta ikae ndani ya sufuria kubwa yenye maji, isiguse moto moja kwa moja. Jiko la gesi linatosha, dogo dogo. Mfuniko unaoenea sufuria ya nta uwe mkononi mwako kabla hujawasha, kwa sababu nta ikishika moto unazima jiko na kufunika. Usimwagie maji hata tone, yatageuka mvuke ghafla na kuurusha moto ukutani. Watoto watoke jikoni. Simu iache chumbani. Tandika magazeti, andaa vibanio vya nguo na vijiti vya mishikaki vya kushikilia utambi katikati, na zima feni, kwa sababu upepo wake huipoza nta upande mmoja. Mabaki ya nta usiyamwage kwenye sinki, yataganda kwenye bomba. Yafute kwa karatasi sufuria ikiwa bado ya moto.

Jambo la mwisho la kupanga kabla ni muda. Mshumaa wa soya unahitaji wiki moja hadi mbili ndipo harufu ikae vizuri, kwa hiyo usiahidi zawadi ya Idi au Krismasi kwa mshumaa ulioumimina jana. Na wa kwanza uwashe mwenyewe, juu ya kigae, utambi ukiwa umekatwa kwenye milimita 5, ukae nao mpaka nta iyeyuke kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa chombo cha sentimita 7 ni kama saa tatu. Uzime kikibaki kimo cha sentimita moja ya nta. Daftari langu la siku kama hiyo linasomeka hivi: "Chupa ya achari, sm 7, nyuki na nazi, utambi wa kati. Baada ya saa 2, duara la nta iliyoyeyuka halijafika ukingoni. Baada ya saa 3, limefika. Masizi kidogo upande wa dirishani. Kioo kinashikika." Mshumaa uliofuata nilibadilisha utambi tu, vingine vyote nikaviacha vilevile.